Poti Zilizo Wazi Kwenye Ruta ya Nyumbani

Kamera za CCTV za nyumbani kwangu Matisi naziona kwa simu hata nikiwa Bungoma. Je, mgeni naye anaweza kuziona?

Inategemea fundi alizifikishaje kwenye simu yako. Zikipitia seva ya kampuni iliyozitengeneza, hakukuwa na haja ya kufungua poti, yaani mlango wa namba kwenye ruta. Lakini kama alielekeza poti ya nje hadi kwenye rekoda, kwa kawaida 8000 kwa Hikvision au 37777 kwa Dahua, rekoda hiyo inabishiwa hodi na dunia nzima, usiku na mchana. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu nywila za kiwandani kupitia poti 23. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiyageuza majina ya tovuti kuwa anwani, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakujua lolote.

Nitajuaje kama nimeachwa wazi?

Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, usome anwani ya WAN. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hakufikii moja kwa moja. Kama sivyo, tumia ShieldsUP ya Gibson Research, inayokupima kutoka nje bila malipo. Simu iwe kwenye waifai, data imezimwa. Wengi hudanganyika hapa: kipimo chake cha jumla huishia poti 1055. Namba 8000 na 37777 ziandike mwenyewe.

Nazifungaje?

Futa kila uelekezaji wa poti usioujua, zima usimamizi wa mbali, badilisha nywila. Zima pia UPnP, maana ndiyo huruhusu kamera na michezo kujifungulia poti bila kukuuliza. Kisha pima tena.

Mimi nanunua waifai kwa jirani wa ploti.

Basi usalama wako umo mikononi mwake. Kama anatumia ruta ya MikroTik, muulize kama amesasisha mfumo wake, RouterOS: mwaka 2018 kasoro ya Winbox, njia ya kuisimamia ruta hiyo kupitia poti 8291, iliwawezesha wavamizi kusoma nywila. Muulize pia kama amewatenganisha wateja wake. Asipofanya hivyo, wapangaji wenzako tayari wako ndani ya mtandao mmoja nawe, hata poti zote za nje zikifungwa.