Boma la Fisi kwa Fedha Kidogo

Katika likizo ya Desemba nilikwenda kwa baba mdogo, naye akanichukua siku moja kutazama bustani ndogo ya wanyama iliyo karibu na mji wao. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe ni mtu mwema na si nia yangu kumwaibisha. Mle ndani mlikuwa na fisi madoa mmoja katika banda la zege na nondo, bila mti wala pango, naye alikuwa akizunguka. Nilihesabu mizunguko 60, yote kwa njia ile ile, kisha nikachoka kuhesabu. Nilipomwuliza mwenye bustani, alijibu, “Mwanangu, ningemjengea pazuri, lakini fedha ziko wapi?”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike habari hii. Fedha zilikuwapo; zilikwisha katika sakafu ya zege.

Wala si yeye peke yake aliyekosea hivyo. Mwaka 1934 bustani ya wanyama ya London ilijengewa dimbwi la pengwini, kazi ya Berthold Lubetkin na wenzake, lenye njia mbili za zege zinazopindana juu ya maji. Wajuzi wa majengo walilisifu sana na wanalisifu hata leo. Lakini mwaka 2004 ndege wale walihamishwa wasirudishwe tena, na zege lile lilitajwa kuwa liliwaumiza miguu.

Heini Hediger wa Uswisi, aliyekuwa mkuu wa bustani ya Zurich tangu 1954 hata 1973, alifundisha kwamba ubora wa mahali wapita ukubwa wake. Mnyama wa mwitu hatembei ovyo kama tudhanivyo. Ana njia zake, mahali pa kulala na mahali pa kunywea. Tena ana umbali wake: adui akiupita, yeye hukimbia. Basi ukimweka mahali asipoweza kukimbia wala kujificha, yu hofuni kutwa. Hapa kwetu Afrika Mashariki tulilishuhudia jambo hili baada ya tsunami ya Desemba 2004. Mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi alipelekwa Bamburi, Mombasa, na alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa aitwaye Mzee, akajibanza hapo. Alichotafuta kwanza kilikuwa mgongo wa kujifichia.

Sasa tumrudie fisi wetu. Kitu kimoja hakina urahisi, nacho ni usalama. Ua uwe imara, mlango uwe wa pande mbili ili mlishaji afunge wa nje kabla ya kufungua wa ndani, na wavu uzikwe chini ya ardhi na kukunjwa kuelekea ndani, kwa kuwa fisi ni mchimbaji. Hapo ndipo fedha zitumike.

Yaliyobaki karibu yote yaokotwa. Zege la nusu ya banda livunjwe, udongo uonekane. Lichimbwe shimo la maji na matope, maana fisi hupenda kulala humo wakati wa jua kali. Bomba la kalavati lililopasuka, ambalo wajenzi wa barabara wamelitupa, ni pango tosha. Uzio wa matete uwazuie watazamaji wasimzunguke pande zote nne. Na chakula kisitupwe mahali pamoja saa ile ile. Mifupa ifichwe huku na huku, aitafute kwa pua yake jioni, ambayo ndiyo saa yake ya kazi.

Neno moja limenishinda. Fisi huishi kwa ukoo, na huyu yu peke yake. Matete na kalavati haviwezi kuwa ndugu zake. Wa pili naye ataka nyama kila siku, na mahali pa kumkimbia mwenzake wakigombana. Nionavyo mimi, asiyeweza gharama hiyo asianze kufuga fisi.

Nilichora ramani, mwalimu wetu wa Baiolojia akaisahihisha, nikaipeleka kwa mkono wa baba mdogo. Siku ya wazazi kututembelea alinieleza kwamba wavu umezikwa, nusu ya sakafu imevunjwa na kalavati mbili zimewekwa. Fisi aliingia katika moja akakaa humo siku mbili, na watazamaji wakadai warudishiwe viingilio vyao kwa kuwa hawakumwona! Mwenye bustani ataka kujua kama aliondoe bomba. Nimemjibu aligeuze tu, mdomo uelekee upande wa watu na nyuma kubaki giza, ili mwenye kusubiri apate kuona walau macho. Jibu lake bado halijanifikia.