SOMO LA MAZINGIRA YA BAHARI: TUMBAWE LILILOPAUKA SI LAZIMA LIWE LIMEKUFA

Kaskazi inapokaribia kumalizika, upepo hulegea, bahari ikatulia na maji yakapata joto kuliko wakati mwengine wowote wa mwaka. Katika baadhi ya miaka, wavuvi wanaozamia katika miamba ya Unguja, Pemba na Mafia hukuta matumbawe yaliyokuwa ya kahawia, kijani na zambarau yamegeuka meupe kama chokaa. Wengi huyahesabu kuwa yamekwisha kufa. Kwa dhana hiyo, nanga hutupwa juu yake bila ya kujali, nyavu hukokotwa, na wanaotafuta pweza wakati wa bamvua hukanyaga mahali ambapo zamani wangepapita kando. Dhana hiyo ina kosa, na kosa lenyewe huweza kuwa ndilo linaloliua tumbawe ambalo joto halikuliua.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kueleza kwanza tumbawe ni kitu gani. Kwa wakaazi wa visiwani, tumbawe ni jiwe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya asili ya matumbawe na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Maandishi ya Kikufi yaliyomo katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yamechongwa juu ya tumbawe. Mafundi wa zamani walijua kuwa tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini kwa patasi, na likikauka huwa gumu. Lakini jiwe hilo ni mifupa tu. Aliyeijenga ni mnyama mdogo, aitwaye polipi, mwenye mwili mlaini kama kifuko, kinywa kimoja na minyiri ya kukizunguka. Maelfu ya wanyama hao huishi pamoja, kila mmoja akitoa chokaa chini yake, na kazi ya karne nyingi ndiyo inayokuwa mwamba.

Usiku polipi hunyoosha minyiri yake na kukamata vidudu vinavyoelea majini. Riziki hiyo ni ndogo, wala haingetosha kujengea mwamba. Riziki kubwa inatoka ndani ya mwili wa polipi mwenyewe. Humo unaishi mwani wa chembe moja moja, ambao wataalamu huuita zuzanthela. Huu si mwani unaolimwa Paje na Jambiani. Hauonekani kwa macho, kwani upana wa chembe moja ni kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimita. Katika eneo la sentimita moja ya mraba ya tumbawe lenye afya huwamo chembe zaidi ya milioni moja. Mwani huu hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Inakadiriwa kuwa tumbawe huweza kupata hadi asilimia 90 ya nguvu zake kwa njia hiyo. Nalo kwa upande wake huupa mwani makaazi yenye salama, hewa ya kaboni na uchafu wa mwili ambao kwa mwani ni mbolea. Rangi inayopendeza machoni mwa wageni kwa sehemu kubwa ni rangi ya mpangaji, si ya mwenye nyumba, kwani nyama ya polipi yenyewe karibu haina rangi.

Maelewano ya namna hii hayapatikani kila penye maji na mwani. Mkaazi wa Kamunyonge, katika Manispaa ya Musoma mkoani Mara, ana maji yenye uvuguvugu mwaka mzima, lakini hawezi kuona tumbawe hata moja, kwa sababu matumbawe yajengayo miamba huhitaji maji ya chumvi na Ziwa Victoria halina chumvi hiyo. Mwani anaouona yeye ni ule unaoishi huru, ambao katika siku za utulivu hutanda juu ya maji kama rangi ya kijani iliyomwagwa. Tangu miaka ya 1960 mwani wa namna hiyo umeongezeka sana ziwani, ukiwemo ule ambao wataalamu huuhesabu kuwa ni jamii ya bakteria. Sababu yake kubwa ni udongo, mbolea na maji machafu yanayoingia kutoka nchi kavu. Ukioza hula hewa iliyomo majini na kuwadhuru samaki. Mkaazi wa Kamunyonge na wa Unguja wanaweza kuonekana kuwa hawana la kuzungumza katika jambo hili, lakini wanalo: maji machafu yale yale yakifika kwenye mwamba wa bahari hustawisha majani ya bahari yanayoyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Mwani ulio ndani ya tumbawe hulisha, na ulio juu yake huua.

Sasa turejee kwenye weupe. Joto la bahari likizidi kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, na hali hiyo ikaendelea kwa muda wa kiasi cha wiki nne, mitambo ya mwani ya kupokea jua huharibika. Badala ya kutoa sukari peke yake, mwani hutoa pia aina za oksijeni zenye sumu. Polipi hulazimika kuutoa mwani huo mwilini. Anapobaki bila ya mwani, nyama yake huwa kama kioo, na mifupa meupe iliyo chini yake huonekana. Huko ndiko kupauka. Mnyama bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa mapema, chembe chache zilizosalia huzaliana upya, na baada ya wiki au miezi rangi hurudi. Joto likiendelea, hufa.

Mtihani mkubwa wa kwanza uliorekodiwa vizuri katika nchi zetu ulikuwa mwaka 1998, mwaka wa El Niño. Duniani kote inakadiriwa kuwa asilimia 16 ya miamba ya matumbawe iliharibika. Hapa nchini madhara hayakuwa sawa: miamba ya Tutia, Mafia, na ya Misali, Pemba, ilipata vifo vingi sana, ilhali ile iliyo karibu na mji wa Zanzibar ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kutokana na msiba huo ulianzishwa mwaka 1999 mradi wa utafiti wa CORDIO, ambao kwa Afrika Mashariki una makao yake Mombasa. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar nayo, iliyoanzishwa mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imeendelea kuichunguza miamba hiyo.

Utafiti umeonesha pia kuwa mwani wenyewe si wa aina moja. Mwaka 1962 ulipewa jina la jenasi moja, Symbiodinium. Mwaka 2018 wataalamu waliugawa katika jenasi kadhaa, kwa kuwa tofauti zilizomo ni kubwa mno. Baadhi, kama Durusdinium, huvumilia joto zaidi. Lakini uvumilivu huo mara nyingi huwa na bei yake, kwani tumbawe lenye mpangaji huyo huweza kupata chakula kidogo na kukua polepole. Asiyejua hilo angefikiri kuwa dawa imekwisha kupatikana.

Mwaka 2020 ilielezwa kuwa ukanda wa kiasi cha kilomita 400, kutoka Shimoni nchini Kenya hadi Dar es Salaam, unasaidiwa na maji ya baridi yanayopanda kutoka kilindini, na kwa hivyo huweza kuwa kimbilio la matumbawe. Habari hii ni njema, lakini haifai kupokewa kama bima. Mwezi wa Aprili 2024 ilitangazwa kuwa dunia imeingia katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe, na Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Kabla ya hapo, mwaka 2021, uchunguzi ulioongozwa na David Obura ulionesha kuwa miamba yote ya magharibi mwa Bahari ya Hindi imo katika khatari ya kuporomoka katika muda wa miaka 50, kwa sababu ya joto na ya uvuvi uliozidi.

Joto la dunia halizuiliki kwa amri ya shehia. Uvuvi unazuilika. Pono, kangaja na tasi hula majani ya bahari, na palipo na samaki hao kwa wingi tumbawe changa hupata mahali patupu pa kujishika. Mwamba wa Chumbe, uliotangazwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi mwaka 1994, hulindwa na walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi. Penye kigumi, ambapo mwamba hupigwa kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni, hata tumbawe lililopona joto huvunjika.

Kutofautisha lililo hai na lililokufa si kazi ngumu. Tumbawe lililopauka likiwa hai ni jeupe safi, na ukilitazama kwa karibu utaona utando mwembamba wa nyama juu yake. Lililokufa halibaki jeupe muda mrefu; katika siku chache huanza kuota ukoga wa kijani au wa hudhurungi. Anayeona weupe wa namna hiyo anaweza kuiarifu Kamati ya Wavuvi ya shehia yake au Ofisa wa Uvuvi wa Wilaya, akitaja tarehe, jina la mwamba, kina cha maji kwa pima, na iwapo ukoga umekwisha kuota au bado.