Mikono Isiufuate Mdomo

Unaweza kuzungumza na kiziwi hapa Mwera kwa Lugha ya Alama, alama zako zote zikawa sahihi, na bado akajua papo hapo kwamba wewe unasikia. Kinachokutambulisha ni mwendo wa mikono. Ukitaka kuurekebisha, acha kwanza kusema Kiswahili huku unatoa alama.

Chukua sentensi hii: "Kesho nitakupelekea samaki Pangani." Alama ya kupeleka hutoka kwangu ikaja kwako kwa mkupuo mmoja, mimi na wewe tumo humo humo. Mdomo, kwa upande wake, una silabi saba za "nitakupelekea". Mkono unamaliza mapema, unabaki hewani ukiusubiri mdomo. Kwa anayekutazama, alama iliyoshikiliwa hivyo ni dalili kwamba fungu la maneno limeisha. Umemwekea nukta katikati ya sentensi.

Basi nyamaza. Toa alama ya kesho, ishikilie kidogo, pepesa macho, ndipo uendelee. Za katikati zipite bila kukatwakatwa, ya mwisho uirefushe.

Sikio lifundishwe kupitia jicho. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani George Allen, Ronnie Wilbur na Brenda Schick walichapisha utafiti ambapo viziwi, wanaosikia waliolelewa na wazazi viziwi, na wanaosikia waliojifunza baadaye, waligonga mdundo huku wakitazama masimulizi ya alama. Fanya vivyo hivyo: mwombe rafiki yako kiziwi ruhusa umrekodi kwa simu akisimulia, kisha tazama ukigonga meza pale unapoona mkazo. Gongeni pamoja, uone mnapoachana.

Usimwige mkalimani wa taarifa ya habari; kasi ile ni ya msomaji. Wala usimfanye mtu mmoja kuwa kipimo. Aliyelelewa na wazazi viziwi, hata kama anasikia, ana mwendo wa tangu utotoni. Viziwi wengi walizaliwa na wazazi wanaosikia, wakakua na ishara za nyumbani, wakaikuta lugha shuleni, kama Tabora iliyoanza 1963 au Buguruni, 1974. Aliyepoteza usikivu ukubwani mara nyingi hupanga alama kama Kiswahili. Nao wote ni wenye lugha. Ukikaa na mmoja wao, fuata kasi yake, na akikuomba urudie, rudia fungu zima.