Tairi Lisilo na Kashata

Umewahi kuona tairi jipya lisilo na kashata? Kashata ni manundu ya mpira yanayogusa barabara. Katikati yake kuna mifereji.

Huko Marekani kuna mashindano ya magari ya mwendo mfupi. Magari mawili husimama bega kwa bega. Taa ya kijani ikiwaka, yanaondoka. Kwa kawaida hukimbia meta 402. Magari yenye nguvu kuliko yote hukimbia meta 305 tu, lakini hupita mwendo wa kilometa 500 kwa saa.

Nguvu ya injini peke yake haitoshi. Gari huenda mbele pale tairi linaposhika barabara. Tairi likiteleza, huzunguka bure, na mwenzake anampita.

Katika magari hayo makubwa, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ni mapana sana, na hayana kashata, ili mpira mwingi uguse chini. Mpira wake ni laini. Hutiwa upepo kidogo ili yabonyee na kushika mahali pakubwa. Kabla ya kushindana, dereva huyazungusha kwa nguvu mpaka yatoe moshi. Mpira ukipata joto, hunata.

Je, tairi la basi au pikipiki lililokwisha kashata nalo ni zuri? Hapana! Mvua ikinyesha, mashindano hayo husimamishwa. Tairi lisilo na kashata huteleza penye maji. Mifereji ya kashata ndiyo inayoyatoa maji chini ya tairi. Pasipo mifereji, tairi hupanda juu ya maji, na breki haisaidii. Tena, tairi lililolika ni jembamba. Hupasuka upesi.

Wala usipunguze upepo ili kuwaiga. Wao hukimbia sekunde chache tu. Katika safari ndefu, tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka.

Sisi husafiri hata siku ya mvua. Kwa hiyo, kabla ya kupanda pikipiki, tazama matairi yake. Yakiwa kipara, usipande. Tafuta nyingine, hata kama utachelewa. Wahenga walisema: Kawia ufike.

Maswali

1. Kwa nini tairi la mashindano hutiwa upepo kidogo?
2. Mifereji ya kashata ina kazi gani wakati wa mvua?
3. Jadilianeni: Mtafanya nini mkiona dereva wa kijijini kwenu anabeba watu kwa matairi yaliyokwisha?