Tairi Kuingia Kwenye Rimu Si Kufaa Gari

Mwenye gari wa Timbwani akienda kununua tairi, mara nyingi hutaja nambari mbili tu: "Nataka 195, rimu 15." Muuzaji hulitoa, fundi hulivisha, upepo hujazwa, nati hukazwa na gari huondoka kuelekea feri. Hakuna kilichokataa kuingia. Hata hivyo, nambari hizo mbili ni nusu tu ya saizi, na nusu iliyoachwa ndiyo inayobeba abiria.

Kusoma ubavu wa tairi

Mfano ni tairi lililoandikwa 195/65R15 91H.

• 195 ni upana wa tairi kwa milimita.
• 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo.
• R huonyesha tairi la rediali, aina inayotumiwa na karibu magari yote madogo.
• 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
• 91 ni nambari ya mzigo: tairi moja hubeba hadi kilo 615.
• H ni kikomo cha mwendo wa tairi: kilomita 210 kwa saa.

Mtego wa 195

Matatu nyingi za abiria 14 hutumia tairi la 195R15C. Herufi C huonyesha tairi la gari la kazi, lililotiwa nguvu. Likiwa na nambari ya mzigo 106, moja hubeba kilo 950. Upana ni uleule na rimu ni ileile, lakini matairi manne ya gari dogo hubeba jumla ya kilo 2,460, na manne ya kazi kilo 3,800.

Gari la kilo 1,800 likipakia abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja, uzito hufika kilo 2,780, kabla ya kuhesabu dereva, kondakta na mizigo. Tairi la gari dogo tayari limezidiwa. Ubavu hupinda kila gurudumu linapozunguka, joto hupanda, na mwisho wake ni kupasuka barabarani gari likiwa limejaa watu.

Rimu nayo ina vipimo vyake

Rimu ya 5x114.3 ina matundu matano ya nati yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Nyingine ni 5x112, 5x100 na 4x100. Tofauti ya 112 na 114.3 ni milimita 2.3 tu, na mtu anaweza kuilazimisha kwa nguvu. Nati hukaa upande, kisha hulegea njiani. Tundu la katikati pia lazima lilingane na kitovu cha gurudumu.

Herufi ET na nambari yake huonyesha rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani. Nambari ikiwa ndogo kuliko ya awali, gurudumu hutokeza nje. Likiwa tupu, gari linaweza kuonekana sawa. Likijaa na kupita kwenye mteremko wa feri, springi hushuka na tairi huanza kukwaruza madigadi.

Kubadilisha rimu 15 kuwa 16

Kanuni ni moja: kimo kizima cha gurudumu kisibadilike zaidi ya asilimia 3. Tairi la 195/65R15 lina kimo cha milimita 634.5. Tairi la 205/55R16 lina milimita 631.9, kwa hiyo linakaribiana nalo vizuri. Lakini 205/65R16 lina milimita 672.9, ongezeko la asilimia 6. Hapo mita ikionyesha mwendo wa 80, gari kwa kweli linakwenda karibu 85. Dereva wa matatu anayeamini mita yake atakuwa amevuka kikomo cha 80 bila kujua, na breki zake zitakuwa na kazi kubwa zaidi.

Tairi la mtumba

Meno marefu si dalili ya tairi jipya. Nambari nne za mwisho baada ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hukauka na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha.

Kabla ya kulipa

Magari mengi yaliingia nchini kutoka Japani yakiwa yametumika, na huenda mwenyewe wa awali alibadilisha rimu. Kwa hiyo tairi lililomo garini si ushahidi wa saizi sahihi. Ushahidi ni kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini nambari husomeka.

Mwenye gari apige picha ya kibandiko hicho kwa simu, aende nayo dukani na kulinganisha upana, ubavu, rimu, mzigo na mwendo. Nambari za mzigo na mwendo zisiwe chini ya zile zinazotakiwa na gari. Tairi la spea nalo likaguliwe siku hiyohiyo.