Otunaiti: Kutofautisha Mng'ao na Unururifu

Otunaiti ni madini ya urani, laini, yenye rangi ya manjano, yaliyopewa jina la mji wa Autun nchini Ufaransa. Yakimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, hung'aa kijani-manjano. Wanafunzi hudhani mng'ao huo ndio unururifu. Kosa hili tulisahihishe kwa kuzima taa: mng'ao hukoma, bali kipimo cha Geiger huendelea kulia. Mwaka 1896 Becquerel naye aliona kwamba chumvi ya urani iliyofichwa gizani, bila kupigwa na jua, ilitia alama kwenye bamba la picha.

Madini haya tuyaonyeshe ndani ya chombo kilichofungwa, kwani vumbi lake hudhuru. Mwanafunzi aondoke akijua kuwa jiwe lisilong'aa laweza pia kuwa la hatari.