SOMO LA KIKUNDI: Kijana wetu anataka kuendesha lori la mafuta



Tunapowatembelea, swali moja linarudi: je, tumkopeshe kijana pesa akasomee kuendesha lori la mafuta? Sisi tunasema ndiyo, lakini kwanza tuijue kazi yenyewe.

1. Ngazi za kupanda
Hakuna anayeanza na lori la mafuta. Leseni ya gari dogo haitoshi. Lori lenye trela linataka leseni ya daraja la CE kutoka NTSA. Wengi huanza kama tanboi: kuosha lori, kubadilisha tairi, kuzijua barabara. Halafu mtu huendesha lori la mchanga au mahindi kwa miaka. Ndipo anasomea kubeba mzigo wa hatari na kutafuta kibali cha EPRA, mamlaka inayosimamia mafuta.

Basi kopesheni ngazi kwa ngazi, siyo pesa zote mara moja. Na mtu akiwaambia, "Leteni kitu kidogo, kazi iko tayari," msimpe hata ndururu.

2. Hatari isiyoonekana
Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini na kujaa mitaroni, ukingoja cheche moja tu. Hata tanki lililomwagwa lote bado lina mvuke ndani. Kwa hiyo wakati wa kushusha mafuta, dereva huzima injini, hufunga waya wa kupeleka umeme ardhini, na simu na sigara hukaa mbali.

3. Siku ya ajali
Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na mitungi kuchota. Moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Julai 2021 watu walichota tena huko Malanga, Siaya, na tukazika tena.

Hao walikuwa watu kama sisi, wenye shida kama zetu. Dereva mwema siku hiyo haokoi mzigo. Anawafukuza watu, hata wakimtukana. Uhai ni zawadi ya Mungu, haupimwi kwa debe.

Maswali ya kujadili
(a) Kijana wetu yuko ngazi gani sasa? Mkopo wa kwanza ulipie nini?
(b) Lori likianguka hapa kwetu leo, nani atawazuia watoto?
(c) Je, kijana huyu anaweza kuwaambia wazee wake, "Rudini nyuma"?